Uzoefu wa mwalimu huishia mpakani mwa wilaya

Mwalimu wa shule ya msingi ya serikali hapa Uganda anayetaka kuhamia wilaya nyingine hutembea na faili nene: barua ya uteuzi, barua ya kuthibitishwa kazini, cheti cha usajili, vyeti vya chuo. Kisha anajaza Fomu Namba 3 ya Utumishi wa Umma, nakala tatu. Katika fomu hiyo kuna mahali pa kuandika wilaya ya nyumbani, kaunti ndogo na kijiji. Walimu wengi watakwambia mistari hiyo ndiyo husomwa kwanza. Miaka 15 ya kushika chaki husomwa baadaye, kama itasomwa.

Malalamiko haya si ya jana, na ni vizuri kuyapima bila jazba, maana wilaya nazo zina hoja.

Mambo yalianzia kwenye Katiba ya 1995 na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997. Ugatuzi uliwapa Tume za Utumishi za Wilaya mamlaka ya kuajiri, kupandisha vyeo na kuwaadhibu walimu wa msingi. Wa sekondari walibaki chini ya Tume ya Utumishi wa Elimu, ambayo ni ya taifa zima. Ndiyo maana mwalimu wa fizikia anaweza kutolewa Kabale akapelekwa Arua kwa barua ya wizara, mshahara ukamfuata. Mwenzake wa darasa la sita akitaka kutoka Tororo kwenda Busia, safari fupi ya teksi, anahitaji CAO (ofisa mkuu wa utawala wa wilaya) wa Tororo amwachilie, CAO wa Busia amkubali, nafasi iwe wazi, na fedha za mshahara ziwe zimetengwa Busia. Kimoja kikikosekana, basi. Anayechoka kusubiri akajiuzulu ili aombe upya hupanga foleni moja na vijana waliotoka chuoni juzi, huku miaka yake ya pensheni ikiwa hatarini.

Wapo wanaosema wakongwe hukwepwa kwa sababu ni ghali. Marekani hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa huko mshahara hupanda kadiri miaka ya kazi inavyoongezeka. Kwetu sivyo. Mwalimu mwenye cheti cha ualimu cha gredi ya tatu hupata kama shilingi laki tano kwa mwezi, na aliyeajiriwa juzi hapishani sana na aliyekaa miaka 20 bila kupandishwa cheo. Kwa hiyo bei si kikwazo. Kikwazo ni kwamba kazi ya ualimu imegeuka mali ya wilaya, na kila diwani ana vijana wa kwao wanaosubiri ajira. Wilaya zilikuwa 80 mwaka 2006. Leo zimepita 130. Kila ilipomegwa moja, mwalimu ambaye jana angehamishwa shule kwa shule kwa neno la ofisa elimu alijikuta anahitaji ridhaa ya serikali mbili kwa safari ileile. Rushwa nayo ipo: IGG, mkaguzi mkuu wa serikali anayepambana na rushwa, amewahi kuwafikisha mahakamani wajumbe wa Tume za Utumishi za Wilaya kwa tuhuma za kuuza kazi, na mgeni asiye na wa kumsemea ndiye anayeumia zaidi.

Sasa tuwasikilize wenye wilaya. Tangu 2007, mtaala wa madarasa ya chini unataka mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Mchukue mwalimu hodari wa Iganga, anayejua kumfundisha mtoto kusoma kwa Lusoga, umweke mbele ya darasa la kwanza Gulu. Mtoto anasimulia kwa Kiacholi kwa nini jana hakuja shule. Mwalimu anatabasamu tu. Atamfundishaje herufi za maneno asiyoyajua yeye mwenyewe? Wanaoiita hoja hii ukabila wanaikosea haki.

Lakini hoja hiyo ina mwisho wake. Darasa la nne ni la kuvuka kuingia Kiingereza, na kuanzia la tano hadi PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, lugha ya eneo haiamui tena nani afundishe hesabu. Hapo kumuuliza mtu kijiji chake ni kutafuta kisingizio. Kiswahili chenyewe kinaumbua utaratibu huu. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kiwe somo la lazima msingi na sekondari. Wanaokizungumza kwa ufasaha utawapata Busia, Koboko, Arua, Kasese, Bombo. Lira na Masaka watawatoa wapi walimu wa somo hili ikiwa nafasi zao ni za wenyeji?

Hoja nyingine ya wilaya ndiyo inayonisumbua. Kaabong, Bundibugyo na visiwa vya Kalangala huwapata walimu kwa shida, hata kwa nyongeza ya asilimia 30 ya mshahara inayotolewa kwa maeneo magumu. CAO wa huko akisaini barua ya kumwachilia kila anayeomba, atabaki na wanagenzi watupu. Anapokataa, anawalinda watoto. Ila mwalimu asiyeona mwisho wa kukaa mbali na familia yake naye ana njia zake: ruhusa za ugonjwa, Ijumaa zisizo na mwalimu, hatimaye kutoroka. Ningeona heri awekewe muda, tuseme miaka mitano, kisha apate haki ya kuhama, angalau kwa wa madarasa ya juu, na nafasi zitangazwe kwa wote badala ya matangazo ya ndani.

Kwa sasa njia nyepesi ni kubadilishana: unamtafuta mwenzako anayetaka kuja uliko, wakuu wenu wanaridhia. Kati ya Mbale na Jinja hilo linawezekana. Nani atabadilishana na Kaabong? Tukisema mshahara umfuate mwalimu, Busia haitakuwa na sababu ya kumkataa, lakini Kaabong itapoteza mtu pamoja na fedha za kumwajiri mwingine. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na CAO yeyote. Ni la Wizara ya Fedha, inayopanga ukomo wa mishahara wilaya kwa wilaya, na haki ya kuhama isiyo na fungu lake katika bajeti itawafaa wa mjini peke yao.