Upupu wa milimani: bibi anayejichapa goti na muuza unga wa stendi

Wazee wa Rungwe na Makete, huko nyanda za juu kusini mwa Tanzania, wakitajwa kwamba hujichapa majani ya kuwasha kwenye goti linalouma, vijana wa mjini hucheka na baadhi ya madaktari hukunja uso. Naona wazee hao wanaonewa.

Nasema upupu wa majani, Urtica massaica kwa wataalamu wa mimea, si ule unaotambaa wenye maganda ya manyoya. Jani lake lina vinywele vyenye ncha ngumu kama kioo. Ukiligusa, ncha inakatika na kinywele kinakuchoma sindano yenye histamini, kemikali inayoleta mwasho. Ndiyo maana bibi hulichuma kwa mfuko wa nailoni mkononi.

Mwaka 2000 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya watu 27 waliokuwa na maumivu kwenye shina la kidole gumba. Kila mmoja alijiwekea jani la Urtica dioica, ndugu wa upupu wetu, kila siku kwa wiki moja, na katika wiki nyingine jani lisilowasha. Nafuu ilikuwa kubwa zaidi kwa jani linalowasha. Watu 27 ni wachache, tena anayewashwa anajua kabisa kapewa jani lipi, na kutarajia kupona nako kunapunguza maumivu. Yote hayo nayakubali. Lakini tazama walichopima: jani bichi, juu ya ngozi, pale panapouma, bila kumeza chochote. Ndicho afanyacho bibi.

Madaktari nao wana hoja, na nzito. Goti lililovimba likiwa la moto, na mgonjwa ana homa, huenda kiungo kimeingia usaha. Hapo kila siku inayopotea kwenye majani inakula kiungo chenyewe. Halafu kuna unga wa majani haya unaouzwa stendi, unaonadiwa kutibu presha, sukari na tezi dume kwa kijiko kimoja. Majani haya yana vitamini K nyingi, na anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, anaweza kuvurugiwa dawa yake. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 iliunda Baraza la kusimamia biashara ya namna hii. Basi muuzaji aulizwe usajili wake.

Bibi aulizwe kwa namna nyingine. Nesi akimwambia, "Shikamoo bibi, majani unapaka au unakunywa, na unameza vidonge gani?" atajibiwa ukweli. Akianza kwa kumgombeza, bibi atasema hatumii kitu, na faili litaandikwa hivyo.