Hemofilia isifundishwe kama SS

Hapa Lubumbashi, ukipita Katuba au Ruashi ukamtaja mtoto wa SS, yaani mwenye ugonjwa wa selimundu, hakuna atakayekuuliza maana yake. Vijana wanaotaka kuoana wanaambiwa wapime elektroforesi, kipimo cha damu kinachoonyesha SS, na hata asiyesoma biolojia anajua kwamba AS na AS, wanaobeba kasoro hiyo bila kuugua, wanaweza kuzaa SS. Ukitaja hemofilia, ugonjwa wa damu isiyoganda vizuri, watu wanakutazama tu. Ndiyo maana kila inapokaribia tarehe 17 Aprili, Siku ya Hemofilia Duniani tangu 1989, wapo wanaotaka tuchukue mahubiri yaleyale ya SS tubadilishe jina la ugonjwa. Nia yao ni njema, lakini njia hiyo naiogopa.

SS hutoka kwa wazazi wote wawili. Hemofilia A, yaani upungufu wa fakta VIII inayogandisha damu, humpata takriban mtoto mmoja kati ya wavulana 5,000, na mara nyingi kasoro yake hupitia kwa mama ambaye mwenyewe anaonekana mzima. Tangaza "pimeni kabla ya ndoa" kwa ugonjwa wa namna hiyo, uone mzigo wote utamwangukia nani. Tayari damu isiyokoma baada ya tohara inaitwa uchawi wa upande wa mama. Wachache wanaambiwa kwamba baba mwenye hemofilia naye huwarithisha binti zake wote kasoro hiyo, wala hampi mwanawe wa kiume hata mmoja.

Kuna madaktari wanaopinga kwa sababu nyingine. Wanauliza tunaamsha watu kwa faida gani wakati fakta ya kumchoma mgonjwa ni ghali na chupa nyingi zinataka friji ya nyuzi 2 hadi 8, katika mji ambao umeme unakatika. Hoja hiyo ni nzito. Kumwambia mama jina la ugonjwa kisha kumrudisha nyumbani mikono mitupu ni ukatili.

Lakini kimya nacho kinaumiza watoto. Mvulana anavimba goti. Jirani anasema ni SS. Elektroforesi inatoka AA, yaani hana SS, familia inashukuru Mungu, inarudi nyumbani ikiamini mtoto hana kitu. Goti linavimba tena, muuguzi anamchoma diklofenaki matakoni ili kutuliza maumivu, na damu inamwagika ndani ya msuli mpaka paja linakuwa gumu na mguu haukunjuki. Muuguzi alitaka kusaidia. Hakujua kwamba kwa mtoto huyu sindano ya msuli ni hatari, na kwamba diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinazidisha kutoka damu. Parasetamoli ya kumeza, barafu gotini na mguu kupumzishwa vingemfaa zaidi wakati akitafutiwa fakta. Vidonge vya asidi traneksamiki, vinavyosaidia damu ya mdomoni na puani, havihitaji friji. Na hata fakta ya msaada inayotolewa kupitia Shirikisho la Hemofilia Duniani haiwezi kumfikia mgonjwa ambaye hakuna aliyemtambua.

Kwa hiyo mimi nasema tuwaamshe kwanza wenye sindano na wembe. Redio na makanisa vifuate, na vikifuata visiwasahau wanawake: ugonjwa wa von Willebrand, nao wa damu isiyoganda vizuri, huwapata wao pia, na msichana anayetoka hedhi nzito kila mwezi anaambiwa avumilie tu, ndivyo wanawake walivyo.

Katika wodi ya uzazi, kabla mtoto hajatahiriwa, mama aulizwe kwa upole, bila mashemeji kusimama pembeni: kuna kaka yako, mjomba wako au mwanao aliyetoka damu kupita kiasi? Akisema yupo, tohara ingoje mpaka damu ipimwe. Akisema hayupo, bado muuguzi aangalie kitambaa, kwa sababu karibu theluthi moja ya wagonjwa wa hemofilia hawana ndugu yeyote aliyewahi kuugua. Mtoto ambaye kidonda chake bado kinachuruzika kesho yake apelekwe kupimwa kuganda kwa damu, hata kama elektroforesi yake ni AA.