Fainali Ichezwe kwa Nani?

Jumamosi ya tarehe 22 Machi 2025, mjini Saint Paul, jimbo la Minnesota, vijana wa vyuo vya Western Michigan na Denver walimaliza dakika 60 bila mshindi, wakacheza 20 za nyongeza bila mshindi, wakaingia nyongeza ya pili. Katika hoki ya barafuni ya vyuo vikuu vya Marekani, mechi ya mtoano haiamuliwi kwa penalti. Mnacheza mpaka mmoja afunge, na bao hilo ndilo linalomaliza usiku. Western Michigan walifunga, ikawa 4-3, wakabeba kwa mara ya kwanza kombe la mashindano ya ligi yao, NCHC. Wiki tatu baadaye walikuwa mabingwa wa taifa.

Usiku ule ulifunga pia ukurasa mwingine. Tangu 2018 nusu fainali na fainali za NCHC zilikuwa zikichezwa Saint Paul, katika uwanja wa ndani unaoingiza karibu watu 18,000, ambao wakati huo ukiitwa Xcel Energy Center. Kabla ya hapo, tangu 2014, zilikuwa Minneapolis, ng'ambo ya mto tu. Mwaka 2021 peke yake, kwa sababu ya korona, mashindano yalihamishiwa Grand Forks, mji wa chuo cha North Dakota, na 2020 hayakufanyika kabisa. Lakini kuanzia 2026 ligi imeamua kwamba hakuna tena kukutana mjini: kila raundi, hata fainali, inachezwa nyumbani kwa timu iliyomaliza msimu ikiwa juu ya mwenzake.

Naishi upande huu wa Minnesota, kama walivyo maelfu ya watu wa Afrika Mashariki, na jambo hili limenigusa kuliko nilivyotarajia. Nimejaribu kulipima kwa haki.

Kwanza, kilichomo ndani. Mashindano ya ligi ya mwezi Machi si mapambo ya kufungia msimu. Michuano ya taifa inachukua timu 16. Ligi ni sita, na bingwa wa mashindano ya kila ligi anaingia moja kwa moja hata kama msimu mzima alikuwa anayumba. Nafasi 10 zinazobaki zinagawiwa kwa hesabu ya matokeo ya mwaka mzima. Kwa hiyo timu iliyo nje ya hesabu inakuja Machi ikijua ina njia moja tu: kushinda kila mechi iliyobaki. North Dakota, mabingwa wa taifa wa 2016, walifika Saint Paul mwaka 2025 wakiwa katika hali hiyo. Walifungwa na Western Michigan kwenye nusu fainali ya Ijumaa, msimu ukaishia pale, na siku chache tu baadaye kocha wao, Brad Berry, akaachishwa kazi. Hivyo ndivyo mechi moja ya Machi inavyoweza kuwa nzito.

Sasa fikiria nani aliyekuwa akilipia uzito huo. Western Michigan ndio waliokuwa wa kwanza kwenye msimamo wa ligi mwaka ule. Miezi mitano ya kusafiri, kuumia na kushinda iliwapa nini? Iliwapa robo fainali nyumbani Kalamazoo, kisha safari ya zaidi ya kilomita 800 kwenda kucheza na North Dakota, ambao mashabiki wao wako kama kilomita 500 tu kutoka Saint Paul na wamezoea kuiteremkia njia hiyo kwa wingi. Uwanja uliitwa huru, yaani usio na mwenyeji. Lakini yeyote aliyekuwa akipita nje ya jengo lile wikiendi ya mashindano aliona jezi za kijani za North Dakota zimejaa barabarani, na akajua mwenyeji ni nani. Aliyeshika nafasi ya kwanza alikuwa anakwenda ugenini kwa jina la usawa.

Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote za upande wa kuhamia vyuoni, na sijaona jibu lake. Kama msimu wa ligi una maana, mwenye kuumaliza juu apate kitu kinachoshikika. Barafu ya nyumbani inashikika. Unalala kitandani kwako, unafunga viatu vyako katika chumba unachokijua, na unafahamu namna kisahani, kile kidude cha mpira mgumu kinachochezewa badala ya mpira, kinavyoruka kikigonga ubao wa kona. Viwanja hivi havifanani kama wengi wanavyodhani. Mpaka 2022 uwanja wa Chuo Kikuu cha Minnesota ulikuwa na upana wa futi 100, wakati upana wa kawaida huko Marekani ni futi 85. Futi 15 za ziada zinabadilisha kila kitu kwa beki anayejaribu kumbana mshambuliaji pembeni.

Halafu kuna viti vitupu. Ligi ya Big Ten ilipoanza hoki msimu wa 2013-14 ilifanya kama walivyofanya wakubwa: ikakodi majengo ya mjini, mwaka mmoja Saint Paul, mwaka mwingine Detroit, kwa zamu. Watu hawakuja vya kutosha. Ilipofika 2018 Big Ten wakaacha, wakarudisha mashindano vyuoni, na mechi zikapata uhai. Fainali ya 2024, Michigan State dhidi ya Michigan, ilichezwa East Lansing kwenye uwanja mdogo wa Munn, wenyeji wakashinda 5-4 kwenye muda wa nyongeza dhidi ya mahasimu wao wakubwa kabisa. Ichukue mechi hiyo hiyo uipeleke kwenye jengo kubwa la mji wa mbali lenye nusu ya viti wazi. Bao ni lile lile, lakini mchezaji anayelifunga atainua mikono mbele ya nani?

NCHC wana sababu ya ziada: ramani yao. Mwaka 2024 walimpokea Arizona State, kutoka jangwani, kwenye ligi ambayo tayari ilikuwa na Miami ya Ohio upande wa mashariki, Denver na Colorado College milimani, na Minnesota Duluth kaskazini kabisa ukingoni mwa Ziwa Superior. Hakuna mji mmoja ulio karibu na wote hao. Kudai kwamba Saint Paul ni katikati ni kudai kwamba ligi ni ya Minnesota na Dakota, na wengine ni wageni waalikwa.

Wanaopinga husema mwenyeji atapendelewa. Hoja hii ina mantiki, lakini ushahidi haujaibeba. Mwaka 2022 Michigan walikwenda Minneapolis, kwenye uwanja ule mpana wa Minnesota, wakashinda fainali ya Big Ten 4-3. Mwaka 2023, mji ule ule, wapinzani wale wale, matokeo yale yale: 4-3, kombe likaondoka na wageni. Nyumbani kunasaidia, hakuamui.

Na kuhusu waamuzi kuogopa kelele za wenyeji, kuna usiku mmoja ambao kila mfuatiliaji wa mchezo huu anaukumbuka. Machi 2022, Mankato, kusini mwa Minnesota, fainali ya ligi ya CCHA iliyokuwa imefufuliwa msimu ule. Minnesota State wakiwa nyumbani walikuwa sare 1-1 na Bemidji State. Dakika ya nne ya nyongeza kisahani kikaonekana kimo ndani ya goli. Bao. Wachezaji wakarundikana, uwanja ukalipuka, kombe likatolewa, picha zikapigwa. Bemidji wakaingia chumbani kwao kuvua vifaa, na msimu wao umekwisha. Kisha picha nyingine ya kamera ikaonyesha jambo ambalo jicho halikuliona: fremu ya goli ilikuwa imeinuka kidogo, na kisahani kilipita chini yake kwa pembeni, hakikupita mbele ya mlinda mlango. Zaidi ya saa moja baada ya sherehe kuanza, ligi ikafuta bao. Timu zikaitwa kurudi barafuni. Watu waliokwisha kufungua kamba za viatu wakazifunga upya, wakapasha moto tena miili iliyokwisha kupoa, na mechi ikaendelea pale ilipokuwa imeishia. Minnesota State wakafunga tena, safari hii bao halali, wakashinda kwa mara ya pili usiku mmoja.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu ndicho kinachonitoa wasiwasi. Ligi ilikuwa katika jengo la mwenyeji, mbele ya mashabiki wa mwenyeji, kombe likiwa mikononi mwa mwenyeji, na bado ikasema hapana. Wanaodai haki haiwezi kupatikana kwenye uwanja wa chuo wana kazi ya kuueleza usiku ule.

Mpaka hapa mizani imelalia upande mmoja. Sasa niuzungumzie upande wa pili, na hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Mashindano ya mjini yalikuwa mlango wa watu wasio na chuo. Mimi sikusoma Denver wala Duluth. Hakuna chuo cha hoki ninachoweza kukiita changu. Lakini Machi ikifika nilikuwa napanda treni ya Green Line na mwanangu, tunashuka katikati ya mji wa Saint Paul, tunatembea kidogo, tunanunua tikiti kama mtu mwingine yeyote. Jengo lina viti 18,000, hakosi nafasi mtu. Ndani unakaa karibu na familia iliyotoka Omaha, nyuma yako wazee wa St. Cloud, mbele yako wanafunzi waliojipaka rangi usoni. Wote wamekuja kwa mashindano, hata ambao timu yao ilitolewa mapema. Mwanangu aliujua mchezo huu pale, kwa kumuuliza jirani asiyemjua maana ya filimbi ile na kujibiwa kwa upole.

Kwenye viwanja vya vyuo hali ni nyingine. Uwanja wa Western Michigan hauchukui hata watu 4,000. Ikichezwa fainali pale, tikiti zinakwenda kwanza kwa wenye viti vya msimu na wanafunzi, na ni haki yao. Mashabiki wa timu mgeni watapata kipande kidogo. Na anayetaka kusafiri anajua mahali pa mechi siku chache tu kabla, kwa kuwa mwenyeji wa wiki ijayo hajulikani mpaka matokeo ya wiki hii yatoke. Kwa familia yenye kazi za zamu na watoto wa shule, hiyo ni sawa na kuambiwa kaa nyumbani uangalie kwenye runinga.

Wachezaji nao wanapoteza. Wengi wao hawatacheza ligi ya kulipwa. Kwa kijana wa mwaka wa nne, kutoka kwenye njia ya wachezaji na kuingia kwenye barafu wanayochezea wakubwa wa NHL, ligi kuu ya kulipwa, taa zimezimwa, jina linatajwa, ni kitu ambacho angekibeba maisha yake yote. Aliyekuwa wa nne kwenye msimamo alikipata sawa na aliyekuwa wa kwanza.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema njia moja iwafae wote. Tazama ligi ya Hockey East. Fainali yao iko TD Garden, Boston, na vyuo vyao vingi viko ndani ya mji huo au mwendo mfupi wa gari. Mwaka 2025 Maine waliwafunga UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, 5-2 pale, kombe lao la kwanza tangu 2004, na watu wa Maine walishuka karibu kilomita 400 kutoka Orono kwenda kulishuhudia. Kuwanyang'anya Boston lingekuwa kosa. Tazama pia ligi ya ECAC, wanaokwenda Lake Placid, kijiji cha milimani chenye barafu ile ile ambayo Marekani waliwafunga Wasovieti 4-3 kwenye Olimpiki ya 1980. Jengo si kubwa, linajaa kwa urahisi, na kijiji kizima kinakuwa cha wageni hao kwa wikiendi moja. Cornell walichukua kombe pale 2024 na 2025, na sijasikia aliyelalamika kwamba fainali ingepaswa kuchezwa kwingine.

Kinachoamua, kwa maoni yangu, ni umbali wa barabara na ukubwa wa jengo. Ligi ambayo vyuo vyake vinafikika kwa gari ikutane mjini. Ligi iliyotawanyika kutoka Ohio mpaka Arizona impe haki yake aliyeshinda msimu. Kwa kipimo hicho NCHC wamefanya sawa, ingawa uamuzi wao umenifungia mlango mimi na mwanangu. Ningewaomba jambo moja tu: kila mwenyeji wa fainali atenge sehemu ya tikiti kwa wakazi wa mji wasio na kadi ya chuo, hata kama ni viti mia mbili vya juu kabisa, na bei iwe ya mtu wa kawaida.

Naomba hivyo nikiwa na sababu. Chuo cha St. Thomas, kilicho hapa hapa Saint Paul, kinajiunga na NCHC msimu wa 2026-27, nacho kilifungua uwanja wake mpya mwaka 2025, wenye viti kama 4,000. Mwaka wowote watakaomaliza juu ya msimamo, fainali itarudi katika mji huu. Mwanangu ameshaniuliza foleni ya tikiti itaanzia mlango upi.