Marshali ndiye aliyepanga vita vya Watemplari

Makala moja inasema Mkuu wa Watemplari, shirika la watawa wapiganaji wa Kikristo wa enzi ya Vita vya Msalaba, ndiye aliyepanga kila kitu vitani. Hapana. Kwa kanuni ya shirika, silaha zote na farasi wa vita walikuwa chini ya marshali, afisa wa shirika aliyesimamia mambo ya vita, naye mwenyewe alipewa farasi wanne. Muda wa kushambulia ukifika, yeye ndiye aliyeipokea bendera nyeusi na nyeupe, akateua hadi ndugu kumi (wanachama wa shirika) kuilinda pande zote. Mmoja wao alibeba bendera ya akiba, imeviringishwa kwenye mkuki, ili ya kwanza ikianguka nyingine ikunjuliwe papo hapo. Aliyeshika bendera hakuruhusiwa kuishusha ili achome adui kwa mti wake. Sababu ni ya wazi kabisa: walio nyuma wakiona imeshuka, wanadhani vita vimeshindwa na safu inavunjika. Na aliyekimbia ilhali bendera bado imesimama alifukuzwa shirikani moja kwa moja.

Kwa hiyo tusiulaumu mfumo kwa maafa ya Cresson karibu na Nazareti, 1 Mei 1187, ambapo Watemplari walishindwa vibaya na jeshi la Waislamu. Mkuu Gérard de Ridefort aliwashambulia adui wengi akiwa na wapanda farasi wachache mno.