Hilux imepanda juu, difu imebaki palepale

Kuna ugonjwa umeingia Mwanza. Kaa pale Buzuruga kidogo tu utauona ukipita: pikapu isiyo na foo wili, nyuma imenyanyuliwa hadi inaonekana kama fisi aliyegeuzwa, tairi ni zilezile za kutoka nazo bandarini, na dereva amekaa upande upande kama waziri.

Nilikuwa gereji moja Nyakato, nasubiri bushi zangu, kijana akaja kuchukua Hilux yake iliyomaliza "kupandishwa". Nikainama kuchungulia. Kati ya springi na ekseli kumekaa vipande viwili vya bomba la mraba, kimoja juu ya kingine, vimeshikwa kwa welding na kupakwa rangi nyeusi ambayo haijakauka vizuri. Yubolti, zile za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zimefika mwisho, nati imeshika nyuzi mbili tatu za mwisho. Kijana anang'aa. "Mzee, sasa hivi Misungwi ndani huko naingia hata mvua inyeshe vipi." Fundi anahesabu hela, wala hakuinua kichwa.

Unaingia wapi, mwanangu?

Gari yako nyuma ina ekseli nzima, chuma kimoja kutoka tairi hadi tairi, na difu, lile tufe lenye gia za kupeleka nguvu kwenye tairi, imekaa katikati yake. Tairi imekanyaga chini, ekseli imeshikwa na tairi, springi ziko juu ya ekseli, chesesi, ile fremu ya gari, iko juu ya springi. Ukichomeka bloku, kama vile vipande vya bomba, juu ya ekseli, umeinua kila kilichoko juu ya bloku: chesesi, bodi, tenki, na wewe mwenyewe. Difu iko chini ya bloku. Weka inchi 2, weka inchi 6, difu haina habari. Iko palepale ilipokuwa siku unanunua gari.

Na huko mbugani kinachokamata ni nini? Si bodi. Mliokulia huku mnaijua mbuga yetu, ule udongo mweusi unaonata, ikinywa maji. Malori yanapita, yanachimba mifereji miwili, katikati linabaki tuta. Pikapu inaingia kwenye mifereji, difu inalilalia lile tuta, tairi za nyuma zinabaki zinaelea kwenye tope. Hapo mwisho wa habari. Tena difu ya kawaida ina tabia mbaya: tairi moja ikikosa mshiko, inazunguka hiyo peke yake, mwenzake ametulia anaangalia. Mbele hakuna wa kusaidia kwa sababu gari haina foo wili. Urefu wote ule umekuletea faida moja, kwamba wanaokuja kukusukuma wanakuona ukiwa mbali.

Kinachoinua difu ni tairi, basi. Hakuna kingine ambacho fundi wa mtaani atakufanyia. Na tairi nayo inakupa nusu ya unacholipia. Toka 205/70R15, yenye kimo cha karibu milimita 668, nenda 215/75R15, yenye karibu milimita 704. Umeongeza milimita 36, difu imepanda 18. Upana wa kidole. Halafu spidi inasoma pungufu: mshale ukiwa 80 wewe uko 84. Klachi nayo inaanza kulalamika ukipakia, maana gia zote zimekuwa nzito kidogo. Hata hivyo ni kidole cha kweli, kiko chini ya difu, mahali kinapohitajika. Ukipata na difu yenye LSD, ile isiyoacha tairi moja izunguke peke yake, na tairi zenye meno, ukatupia viroba viwili vya mchanga juu ya ekseli, utamwacha yule wa mabomba ya mraba kwenye tope asubuhi na mapema.

Sawa, nakubali, kwa shingo upande: kuna wanaohitaji kunyanyua. Anayepanda Mabatini kila siku kwenye yale mawe anagonga sampo ya oili na egzosi, huyo inchi moja au mbili za chesesi zitamfaa. Na anayebeba dagaa na barafu kutoka mwaloni Kirumba, springi zake zimeshalala, siku hizi zinacheka. Huyo aongeze pleti za springi au abadilishe seti nzima. Kwanza huyo hanyanyui, anarudisha gari ilipokuwa.

Wa kurefusha vishikio vya springi kwa nyuma: ukiongeza inchi 2 unapata 1. Wa kukaza tosheni baa mbele, ile fimbo inayojisokota kufanya kazi ya springi: hujaongeza ugumu wowote, umekula nafasi ya tairi kushuka, boljointi zimekaa pembe mbaya, na usipokwenda kupima alaimenti tairi zitalika upande mmoja.

Lakini kilichonipandisha presha pale gereji ni breki. Hilux nyingi zina vavu kwenye chesesi, nyuma, yenye kifimbo kinachoshuka kushika ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari ikiwa tupu chesesi iko juu, kifimbo kinaiambia vavu ipunguze nguvu ya breki za nyuma zisije zikafunga. Ukipakia, chesesi inashuka, vavu inafungua. Sasa umeinua chesesi kwa mabomba yako. Umepakia saruji hadi gari inalia, na vavu bado inaamini gari ni tupu. Breki za nyuma zinafanya kazi nusu nusu, kazi kubwa inabaki kwa breki za mbele, na gari iliyonyanyuliwa inataka kuyumba. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kusubiri kivuko, watu wanatoka Mwanza hadi Sengerema mguu uko chini. Kilomita 3 hivi juu ya maji, upepo wa ziwa unapiga ubavuni. Mimi nipite hapo nyuma yangu kuna ile Hilux? Hapana, nitaegesha pembeni apite.

Kifimbo cha gari ya yule kijana kilikuwa kimevutika hadi mwisho, kimenyooka. Dawa yake ni kipande cha chuma cha kushusha mahali vavu inapofungwa, au kurekebisha kifimbo chenyewe na kupima upya. Kazi ya mchana mmoja. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, muulize fundi wako ataifanyaje vavu ya breki ya nyuma. Akikujibu "vavu ipi, bosi?", omba funguo zako uondoke.