Noti za Picha

Jioni moja nilikaa barzani na sahibu yangu asiyeona, anasoma mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja hapa Unguja. Akaniambia, "Hebu sikiliza hii." Akafungua simu, akaingia kwenye kundi la WhatsApp la darasa lao, akagusa noti alizotuma mwalimu usiku wa jana. Ile sauti ya simu, ambayo humsomea kila kitu hadi salio la vocha, ikasema: "Picha." Akateremsha kidole. "Picha." Akateremsha tena. Kurasa kumi na nne, picha kumi na nne. Mwalimu alikipiga picha kitabu, akazirusha, na wenzake wakashukuru.

Sahibu yangu alicheka mpaka akapaliwa na chai. Keshazoea.

Sheria tunazo. Zanzibar ilipitisha sheria yake ya watu wenye ulemavu mwaka 2006, Bara wakafuata na yao 2010, na sisi tukapata mpya 2022. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na kifungu cha 24 kinataja elimu ya juu waziwazi. Lakini mie hukipenda zaidi kifungu cha 2, kinachosema kwamba kumnyima mtu marekebisho yanayowezekana nako ni ubaguzi. Yaani ubaguzi si lazima mtu akwambie "hatukutaki hapa". Hata picha kumi na nne zinatosha.

Na yule mwalimu si mtu mbaya, wallahi. Ndiye huyo huyo anayemshika mkono kila siku kumvusha barabara mpaka kituo cha daladala. Hapo ndipo penye tatizo letu. Mkono tunautoa kwa moyo mmoja, noti zinazosomeka hatuzitoi. Wazee wanasema hisani haiozi, sawa, lakini hisani haikatiwi rufaa. Mwalimu akiumwa siku hiyo, sahibu yangu barabara haivuki.

Uingereza sheria yao ya usawa ya 2010 inakitaka chuo kijiandae kabla mwanafunzi hajabisha hodi. Chuo Kikuu cha Bristol kilishindwa kesi mwaka 2022, na rufaa yake ikatupwa 2024. Mwanafunzi wa fizikia aliyekuwa na hofu kali ya kuzungumza mbele ya watu aliendelea kupimwa kwa kuhojiwa na kuwasilisha kazi kwa mdomo. Kesi aliifungua baba yake, maana binti mwenyewe alikuwa keshafariki. Chuo kilijitetea kwamba kusema kwa mdomo ni sehemu ya kinachopimwa. Mahakama ikakataa: kinachopimwa ni fizikia, mdomo ni njia tu ya kukipima.

Huku kwetu sahibu yangu alipoomba muda wa ziada kwenye mtihani aliambiwa alete barua ya daktari. Akaleta. Akaambiwa ya sheha, kiongozi wa serikali mtaani kwake. (Sheha athibitishe nini, sijui, labda kwamba macho yake ni mkaazi wa shehia ile.) Kisha asubiri kikao. Kikao kilikaa, mtihani ushapita.

Najua nitajibiwa: pesa. Lifti ni pesa, mkalimani wa lugha ya alama ni pesa, mashine ya kuchapa nukta nundu ni pesa nyingi, na hayo sibishani nayo. Ila noti? Mwalimu anayeandika mwenyewe kwenye Word atume faili la Word, basi. Anayetumia kitabu akipeleke maktaba kipitishwe kwenye skana yenye programu ya kugeuza picha kuwa maandishi, maana programu za kazi hiyo zipo hata za bure, kama ilivyo NVDA inayosoma skrini ya kompyuta. Kuwafundisha walimu hilo hakuzidi asubuhi moja, tena na chai ya saa nne imo ndani.

Nilimuuliza kama alimwambia mwalimu. Akasema mwaka wa kwanza alimwambia, wa pili akamkumbusha, na safari hii mwalimu kamuuliza kwa mshangao, "Sasa kwa nini hukusema?"

Tukaagiza chai nyengine, nikaanza kumsomea. Magharibi iliadhiniwa tukiwa ukurasa wa tisa.