Mkaidi wa sheria ni nani?

Juzi pale Mkunguni, Lamu, afisa mmoja alishika kipaza sauti akawashukia vijana wa bodaboda: "Wakaidi wa sheria nyinyi!" Kosa lao ni kuingiza pikipiki mji wa kale. Akalirudia neno hilo hadi kikanichosha kiti nilichokalia.

Haya, kosa ni kosa. Pikipiki ikikukuta kichochoroni Lamu hii, na kikapu cha samaki mkononi, unajibandika ukutani kama mjusi. Na mji umo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2001, hatutaki uondolewe. Watozwe faini, sina neno.

Lakini kumpachika mtu jina kumesaidia nani? Wamarekani walijaribu. Pombe ilipopigwa marufuku kwao, Delcevare King wa Massachusetts alitoa zawadi ya dola 200 kwa atakayebuni neno la kuwaaibisha wanywaji. Mapema 1924 likashinda "scofflaw", yaani mdharau sheria. Mwezi haukuisha, baa ya Paris ikawa inauza kinywaji chenye jina hilohilo. Aibu wakainywa na barafu!

Kinachonichoma zaidi ni kwamba jina lenyewe huwa la wanyonge tu. Mwaka 2018 majaji wa Mahakama Kuu kule Malindi waliamua kuwa mradi wa bandari ya Lamu ulianzishwa bila wananchi kushirikishwa ipasavyo, na wavuvi wapata 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Mei 2021 gati la kwanza likazinduliwa kwa shangwe. Wavuvi? Wakabaki wakingoja fedha zao. Mtaniambia mambo ya mahakama yana taratibu zake. Sawa, mbona ya bodaboda huamuliwa papo hapo, barabarani, funguo zikiwa mfukoni mwa askari? Sikusikia kipaza sauti hata kimoja kikimwita mkubwa yeyote mkaidi. Kwao huitwa "kuchelewa kwa utaratibu". Lugha yetu ina adabu sana ikipanda ngazi za ofisi.

Ami yangu ni mvuvi. Amri ya kutotoka usiku ya 2014 ilipokuja, aliitii, jarife, wavu wake, likakaa uani mpaka panya wakalitoboa. Siku ya hukumu ile ya Malindi alifurahi kama mtoto. Miaka ikapita, nikamuuliza kama amelipwa. Akanitolea leseni yake ya uvuvi, imefungwa vizuri kwenye mfuko wa nailoni. "Hii," akasema, "mimi nailipia kila mwaka. Sijachelewa."